Mkono wa Kushoto wa Bi Sumire

Kwa miaka minne Isacko Huqa alifanya kazi mbili. Asubuhi alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Isiolo. Alasiri, kila Jumanne na Alhamisi, alikuwa miguu ya mwanamke wa Kijapani. Kazi ya kwanza ilijulikana na kila mtu. Ya pili aliificha kwa muda wa wiki moja hivi, mpaka mteja wake mmoja kutoka Ngaremara alipochungulia ndani ya ghala la zamani la ngozi na kumkuta amevaa kanzu nyeusi na kofia ya kitambaa inayofunika uso mzima, ameinama kama mtu aliyeangusha ufunguo, na amekamata pindo la gauni la karagosi. Mteja alirudi sokoni akasimulia. Kufikia saa kumi hakuna aliyebaki bila habari, na hata ngamia walikuwa wakimtazama vibaya.

Aliyeleta balaa hili Isiolo alikuwa Mwalimu Gladys Karimi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa Kimeru mwenye sauti ndogo ambayo haijawahi kurudia jambo mara mbili. Miaka mingi nyuma alipelekwa Japani kwa wiki sita kujifunza mbinu za kufundisha sayansi. Jumapili moja wenyeji wake wakampeleka Osaka, kwenye jumba kubwa lililojengwa kwa ajili ya michezo ya karagosi tu, michezo ambayo wenyewe huiita bunraku. Mwalimu akakaa pale saa nne bila kwenda msalani. Aliporudi Kenya, ya sayansi alikuwa ameyasahau yote.

Alichokiona huko aliweza kukieleza mpaka msikilizaji akasinzia. Karagosi mmoja, karibu nusu ya kimo cha mtu, hushikwa na watu watatu. Wa kwanza hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Wote huvaa nyeusi, na watazamaji hukubaliana kimoyomoyo kwamba hawawaoni. Pembeni huketi mtu mmoja anayesema maneno yote, ya wanaume, ya wanawake na ya watoto, analia na kucheka peke yake, na kando yake mpigaji wa ala ya nyuzi tatu. Lakini kilichomgusa zaidi Mwalimu hakikuwa lile jumba kubwa. Aliambiwa kuwa vijijini na visiwani kuna vijumba vidogo ambamo wakulima, wakishavuna, huvaa nyeusi na kushika karagosi kama walivyofanya babu zao, ili mambo yasipotee. Mwalimu akajiuliza: ikiwa watu wanaolima figili wanaweza, Isiolo inashindwa na nini?

Alipostaafu akakodi ghala la ngozi nyuma ya soko la mifugo, akalipaka chokaa, akatundika pazia. Harufu ya ngozi za mbuzi ilipungua, ila siku za mvua ilirudi yote na kukaa viti vya mbele. Karagosi mwenyewe, Bi Sumire, alichongwa na fundi wa vitanda, na kwa kuwa fundi yule alizoea vitanda, Bi Sumire alitoka mzito ajabu. Kichwa na mkono wa kulia akavishika Mwalimu mwenyewe. Gathogo, mwenye duka la saruji na misumari, akapewa mkono wa kushoto. Mulki, muuza maziwa ya ngamia ambaye sauti yake ilisikika kutoka stendi hadi msikitini, akawa msimulizi. Kiragu, karani wa ofisi ya ardhi, alikuja na gitaa lililokatika nyuzi tatu kati ya sita. Mwalimu akamkataza kulitengeneza.

Isacko aliingia kwa bahati. Alikuwa amekuja kuuliza kama ghala lina nafasi ya kuweka kamba na matandiko ya ngamia. Mwalimu, ambaye alikuwa amekosa miguu tangu Jumatatu, akamwambia, "Bwana Isacko, shika hapa." Isacko akashika. "Sogeza kushoto, halafu kulia, polepole." Isacko akasogeza. Bi Sumire akatembea.

Naomba nieleweke. Isacko alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu, amezaa, ameoza, ameuza ngamia wasiohesabika na hakuna hata mmoja aliyemtoa machozi. Lakini gogo lile la mti lilipopiga hatua mbili kwa mikono yake, akaomba alitembeze tena. Akasahau kabisa habari ya matandiko.

Ubaya ni kwamba karagosi wa kike hana miguu. Hivyo ndivyo walivyo huko kwao. Mshika miguu hukamata pindo la gauni na kulichezesha ili watu waamini kuna miguu ndani, na Bi Sumire akipiga magoti, yeye hutia ngumi kwenye kitambaa ili goti lionekane. Kwa hiyo Isacko alikuwa miguu ya mtu asiye na miguu, na sokoni walilijua hilo pia. Yeye hakujali. Alichotaka ni kupanda cheo. Huko Japani, Mwalimu alisema, mtu hushika miguu miaka kumi kabla ya kugusa mkono wa kushoto. Kwa Isiolo alikuwa amepunguza ikawa minne, na ikiwa tu Gathogo atatoka. Isacko aliutamani mkono ule vile watu wengine wanavyotamani kiti cha ubunge. Alikuwa akiuota. Mkewe, Wato, alimkamata zaidi ya mara moja akiwa amelala na mkono wake umesimama hewani, unapepea taratibu.

"Baba Ikra," Wato alimwambia, "watu wakiwa na adabu wanatumia mkono wa kulia. Wewe unahangaika miaka minne upewe ya kushoto?"

"Mama Ikra, huwezi kuelewa."

"Naelewa. Ukishapewa kushoto, nitakukaribisha chakula nje na kuku."

Sasa nieleze jambo moja la soko, kwa wasiolijua. Madalali wa ngamia hawatangazi bei kwa mdomo, kwa kuwa masikio ni mengi. Muuzaji na mnunuzi hupeana mkono wa kulia, shuka hutupwa juu ya mikono hiyo, na chini ya shuka vidole huzungumza. Kubana kidole hiki ni bei fulani, kubana viwili ni nyingine, kukwaruza kiganja ni kuongeza. Usoni wanaongea habari za mvua. Mkono ukiwa ndani, mazungumzo yanaendelea hata kama kidole kimenyamaza. Ukiutoa, umekataa. Mwenzako akikubana kiganja kizima nawe ukabana, biashara imekwisha, na hakuna mwanamume wa soko lile aliyewahi kugeuka baada ya hapo na kuendelea kusalimiwa. Isacko alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ndevu hazijaota. Vidole vyake vilikuwa vinajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Na kulikuwa na ngamia mmoja ambaye vidole hivyo havikuruhusiwa kumtaja. Alikuwa jike mweupe, wa Wato mwenyewe. Mama yake alikufa kule Gotu yeye akiwa na siku tatu tu, na Wato akamlea kwa chupa ndani ya nyumba mpaka alipoanza kuvunja vyombo. Akakua, akazaa, akatoa maziwa ambayo Mulki aliyasifu hadharani. "Uza za watu wote," Wato alimwambia mumewe. "Hii usiuze." Abdifatah, mnunuzi mkubwa wa ngamia hapo mjini, alikuwa akimtaka ngamia huyo kwa muda wa mwaka mzima. Isacko alimkatalia sokoni, akamkatalia hotelini, akamkatalia mazishini. Miezi mitatu iliyopita Abdifatah alijiunga na kikundi cha karagosi kama mvuta pazia. Alisema anapenda sanaa.

Basi, mwezi wa Agosti, Mwalimu akaja mazoezini na barua. Mzee mmoja wa Kijapani aitwaye Tamotsu, mkulima wa figili na mshika karagosi wa kijumba cha kijijini kwao, alikuwa akiandikiana na Mwalimu tangu ghala lifunguliwe. Sasa anakuja Kenya kumtembelea mpwa wake Nairobi, na atafika Isiolo kutazama mchezo. Atakuja na kichwa cha karagosi, kichwa halisi, kilichochongwa na watu wanaojua, chenye macho yanayofumba na nyusi zinazopanda. Hata Kiragu aliacha kuchezea gitaa.

Siku nne kabla ya mgeni kufika, Gathogo akapanda juu ya mifuko ya saruji dukani kwake kumuonyesha mteja kwamba hailegei. Ikalegea. Alishuka nayo na bega likatoka mahali pake.

Mwalimu akamwita Isacko pembeni. "Jumamosi utashika mkono wa kushoto. Abdifatah atashika miguu, hakuna mwingine."

Isacko akaitikia kwa kichwa ndani ya kofia yake nyeusi.

"Sikiliza vizuri. Ukienda sawa, mkono ni wako, hata Gathogo akipona. Ameniambia mwenyewe amechoka. Lakini ukiuangusha mbele ya mgeni, unarudi miguuni miaka mitatu mingine. Mimi nasahihisha kila mtu sawa."

Isacko hakulala vizuri usiku hata mmoja kati ya hiyo minne. Alifanya mazoezi na fimbo ya kuswagia mbuzi, akaivalisha soksi, akaifundisha kujifuta machozi. Alimsalimia imamu kwa fimbo hiyo bila kukusudia.

Jumamosi saa tisa ghala lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mitungi ya Mulki. Nusu ya watazamaji walikuwa wametoka moja kwa moja sokoni, na viatu vyao vilithibitisha. Mzee Tamotsu, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, aliketi mbele kabisa na sanduku la mbao mapajani. Kiti cha pili kutoka kwake alikaa Wato, ambaye hakuwa amewahi kuja. Alisema amekuja kumwona Mjapani anakula nini. Akammiminia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake, na mzee akainama karibu aguse magoti, na Wato naye akainama, na hiyo ikachukua muda kidogo.

Mchezo aliutunga Mwalimu mwenyewe. Mume wa Bi Sumire amevunja bakuli la mkubwa wake, na kwa ajili ya aibu ni lazima aondoke asirudi tena. Kila walipoufanya, mtu fulani kutoka nyuma aliuliza kwa nini wasinunue bakuli lingine. Safari hii aliuliza Mzee Umuro, mchunga ngamia mstaafu aliyekaa mstari wa tatu, na akanyamazishwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nasema hivyo kwa sababu Isacko mwenyewe alikuwa akiuona mkono ule kama wa mtu mwingine. Bi Sumire alisukuma nywele. Alipanga mto. Alishika kikombe, na minong'ono ikapita kwa kuwa kilikuwa kwa mkono wa kushoto, lakini wakamsamehe kwa ugeni. Mwalimu akiinua kichwa cha karagosi kidogo tu, Isacko alikuwa ameshajua mkono unatakiwa wapi. Ndani ya kofia yake alikuwa akitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha Bi Sumire akapiga magoti ili aanze kulia. Mkono wa kuume wa Isacko ulikuwa ndani ya shati pana ambalo Bi Sumire huvaa juu ya gauni, umeshika kijiti kinachoendesha mkono wa kushoto. Shati hilo lilikuwa refu, lilifunika kila kitu hadi sakafuni. Abdifatah alikuwa huko chini na ngumi yake moja kwenye goti. Ngumi ya pili haikuwa na kazi.

Isacko akahisi vidole vya mtu vinapanda ndani ya kitambaa. Vikashika vidole vyake juu ya kijiti. Vikabana kimoja, vikanyamaza, vikasubiri.

Ilikuwa bei. Tena bei ya kitoto. Kabla hajafikiri, vidole vya Isacko vilikuwa vimeshamdharau mwenzake na kumtajia ya mara mbili.

Akashtuka. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Angeutoa mkono, Bi Sumire angebaki bila mkono mbele ya Mjapani. Angeuacha kimya, Abdifatah angesema anasikilizwa. Njia iliyobaki ilikuwa kumkatalia kwa bei ambayo mtu mwenye akili hawezi kuipanda. Isacko akataja bei hiyo. Abdifatah akaipanda. Isacko akataja nyingine ya kuchekesha, bei ambayo ngamia mwenyewe angeisikia angeona haya. Abdifatah akakwaruza kiganja kuomba apunguziwe kidogo.

Shida ni kwamba yote haya yalipitia kwenye kijiti. Kila kidole kilipobanwa, mkono wa Bi Sumire uliruka. Mulki alikuwa akisimulia kwa uchungu jinsi mke alivyotulia kama maji ya mtungini, na mke mwenyewe kiwiko kinapiga, bega linapanda, kiganja kinatetemeka.

"Huyo mama anauza," Mzee Umuro akamwambia jirani yake.

"Anauza nini?"

"Ngamia. Angalia kiwiko. Hiyo ni kuongeza."

"Si analia?"

"Analia, lakini anauza."

Maneno yakapita mstari kwa mstari. Watu wa soko wakasogea mbele kwenye viti. Wakawa hawamtazami tena Bi Sumire usoni, wanatazama shati lake, na kila bega lilipopanda, midomo ilijipinda kwa heshima. Wale wa kutoka dukani na maofisini wakadhani wenzao wameguswa na huzuni, wakatoa leso ili wasiachwe nyuma. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alinunua maziwa tu na hakuwahi kununua ngamia, alihisi ukimya ule mzito na kufurahi.

Wato alikuwa ameishi na dalali kwa miaka thelathini. Alikitazama kiwiko. Akatazama kule chini penye magoti, akakumbuka ni nani aliyewekwa pale. Akaweka chupa ya chai sakafuni, akasimama.

"Baba Ikra," akasema, bila kupaza sauti. "Hiyo ngamia haiuzwi."

Mwalimu alidhani mtazamaji ameguswa mpaka akaamua kuzungumza na karagosi, jambo ambalo alilisoma mahali kwamba hutokea. Akamgeuza Bi Sumire taratibu, akamtazamisha Wato, akamwinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Amekubali," akasema Mzee Umuro. "Hauzi."

Chini, Abdifatah naye alikuwa amesikia. Ndipo akafanya haraka. Aliachana na punguzo, akaipanda ile bei ya aibu yote, akakamata kiganja kizima cha Isacko na kukibana. Akangoja kubanwa.

Hapo Isacko alikuwa na pumzi moja tu. Kupitia kitambaa cheusi alimwona mkewe amesimama, mikono kiunoni, hana hasira, anangoja tu kama mtu aliyezoea kungoja. Alimwona pia mzee wa Kijapani aliyetoka ng'ambo ya dunia. Aliufikiria mkono, aliouota miaka minne, aliokuwa nao kwa nusu saa. Uchungu ulimshika kweli, siwezi kuupunguza kwa mzaha. Akafungua vidole, akautoa mkono wake nje.

Mkono wa kushoto wa Bi Sumire ukaanguka ubavuni ukaning'inia.

Wakati huohuo Mulki alikuwa amefika penye kilele. "Akainua mkono wa kushoto," akasema, "kumpungia mumewe kwaheri." Mkono haukuinuka. "Akainua mkono wa kushoto," akarudia Mulki, kwa sauti ya kumtafuta mwenye kosa. Hakuna kitu. Kiragu akapiga uzi mmoja wa gitaa kwa woga. Lakini Mulki amewahi kuuza maziwa yaliyoganda akayaita aina mpya, si mtu wa kukwama. Akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Akataka kuuinua mkono wake. Ukakataa."

Bi Sumire alikuwa amepiga magoti, mkono umekufa kando yake, na kichwa, ambacho Mwalimu alikuwa amekishika kwa mshtuko, kikawa kinatetemeka. Watu wakaanza kulia. Walilia wa madukani, wakalia wa sokoni, na Mzee Umuro akasema kwa kwikwi kwamba kama ni bakuli yeye analo nyumbani. Abdifatah peke yake hakulia. Alikuwa bado ameshika hewa.

Mchezo ulipokwisha na makofi yakaisha, Mzee Tamotsu alipanda jukwaani, akawainamia wote, na kulitoa lile sanduku. Kichwa kilikuwa cheupe, kizuri, na kilipofumba macho Mulki alirudi nyuma hatua moja akasema bismillahi. Kisha mzee akauliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, ni nani alikuwa mkono wa kushoto.

Isacko akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mwalimu akamuuliza mbele ya wote, "Kwa nini uliuachia?"

Angeweza kudanganya. Angesema alikusudia, na pengine wangemsifu. Lakini Wato alikuwa palepale. "Mwalimu," akasema, "ngamia ya bibi yangu ilikuwa inauzwa ndani ya shati."

Mwalimu alimtafsiria mgeni. Ilimchukua muda, na mara mbili alisimama kutafuta neno. Mzee Tamotsu alisikiliza kwa uso mkavu wa mtu anayesikia habari za msiba. Akauliza ngamia ana umri gani. Akajibiwa. Akatafakari. Kisha akasema kwamba yeye naye aliwahi kuuangusha mkono, mwaka ambao nyigu aliingia ndani ya kofia yake, na mwalimu wake alimrudisha miguuni miaka sita. Nyigu hakuwa sababu. Ngamia, kwa bahati mbaya, naye si sababu.

"Miaka mitatu," Mwalimu akamwambia Isacko.

"Sawa, Mwalimu."

Alirudi nyumbani kwa mguu, hataki kubebwa na bodaboda wala kusemeshwa. Wato alitembea hatua chache nyuma yake na chupa yake ya chai. Usiku huo Isacko alilala na mikono yote miwili chini ya shuka.

Asubuhi alipotoka kwenda bomani, jike mweupe hakuwepo. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kigingi. Wato alikuwa jikoni, anakoroga chai.

"Mama Ikra, ngamia iko wapi?"

"Abdifatah ameichukua mapema, kabla jua halijatoka."

Isacko akakaa juu ya kinu. "Umeuza?"

"Kwa bei yako ile. Na ndama wa kwanza jike anarudi kwangu, tumeandikishana mbele ya Mzee Umuro. Wewe ungekataa?"

"Lakini ulisema haiuzwi."

"Nilisema wewe usiuze. Mimi ndio mwenyewe."

Isacko alisimama, akakaa, akasimama tena. "Nimepoteza mkono. Unaelewa? Miaka minne, halafu mitatu ingine. Ningebana vidole tu, leo ningekuwa na mkono na wewe ungekuwa na pesa zilezile. Sasa mimi nimepata nini?"

Wato akaipua sufuria. Akammiminia kikombe, akamkalisha tena kwa kumshika bega, akakaa mbele yake.

"Baba Ikra," akasema, "tangu unioe nimekuambia hapana mara ngapi? Nilikuambia hapana ukanunua pikipiki. Nikakuambia hapana ukaleta kaka yako akae miaka miwili. Jana nimesema mara moja, mbele ya watu wote wa Isiolo na Mjapani, na ukaacha kitu unataka kuliko vitu vyote. Ngamia nitapata ingine. Mimi jana nimesikilizwa." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Kunywa chai."

Isacko akanywa chai. Jumanne ilipofika akawahi ghalani kabla ya wote, akavaa nyeusi zake, akainama, akashika pindo.